Moyo Unaposhindwa Kazini: Fidia Hulipwa Lini, na kwa Ushahidi Gani?

Mfanyakazi anapoanguka ghafla na kufariki akiwa kazini, iwe bandarini, kwenye korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, au kwenye eneo la ujenzi, mazungumzo ya msibani hapa Tanga huchukua mkondo ule ule. Mmoja husema kwamba kwa kuwa marehemu amefia kazini, familia yake italipwa. Mwingine humjibu kwamba marehemu alikuwa na presha ya siku nyingi, kwa hiyo hakuna cha kudai. Wa tatu hukumbusha kwamba alikuwa mwanachama wa NSSF, na kwamba huko ndiko jambo litakakomalizikia. Wote hao husema kwa nia njema, na wote wanaweza kuwa wamekosea. Gharama ya kosa hilo huwaangukia mjane na watoto, ambao mara nyingi huambiwa neno la kukatisha tamaa kabla hata ya karatasi moja kujazwa.

Jambo hili linahitaji kufafanuliwa zaidi wakati huu ambapo watu wengi wa mkoa huu wanafanya kazi chini ya wakandarasi na makampuni makubwa: kwenye saruji kule Pongwe, kwenye bandari, na kwenye mradi wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linalotoka Hoima, Uganda, na kuishia Chongoleani. Kijana aliyezoea kulima au kuvua kwa mtumbwi wa baba yake akiingia kwenye ajira ya namna hii anaingia pia kwenye kinga ya kisheria ambayo huenda hajawahi kuelezwa.

Tuanze na maneno yenyewe. Fidia, kwa maana tunayoitumia hapa, ni malipo na huduma anazostahili mfanyakazi aliyeumia, aliyeugua au aliyefariki kutokana na kazi yake. Akifariki, stahiki hiyo huwaendea wategemezi wake. Kwa Tanzania Bara msingi wake ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, Sura ya 263, iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi wanaujua kwa herufi zake, WCF. Mfuko ulianza kukusanya michango Julai 2015, na fidia hulipwa kwa matukio yaliyotokea kuanzia Julai 2016. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Kiwango cha sasa ni asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, na mfanyakazi anayeona kwenye karatasi yake ya mshahara kwamba amekatwa mchango wa WCF ana haki ya kuuliza, kwa sababu makato hayo hayapaswi kuwapo. NSSF na PSSSF ni mifuko ya hifadhi ya jamii inayoshughulika zaidi na uzee na pensheni, na bima ya afya hulipia matibabu. Fidia ni jambo la tatu lililo mbali na hayo mawili, nalo huuliza swali ambalo mengine hayaulizi: je, kazi ndiyo iliyosababisha?

Moyo nao una maneno yake ambayo mitaani huchanganywa. Mshtuko wa moyo ni pale mshipa unaolisha msuli wa moyo unapoziba, kwa kawaida na bonge la damu lililoganda juu ya mafuta yaliyojijenga kwenye ukuta wa mshipa kwa miaka, hata sehemu ya msuli ikaanza kufa kwa kukosa oksijeni. Moyo kusimama ni pale mapigo yanapovurugika au kukoma, mtu akazimia papo hapo. Mshtuko wa moyo unaweza kuleta hali hiyo, lakini umeme au gesi nayo yaweza kuileta. Shinikizo la juu la damu, yaani presha, ni hali ya muda mrefu ambayo mara nyingi haina dalili. Kiharusi hutokea kwenye ubongo, ingawa huzaliwa na mishipa ile ile iliyochoka. Anayesema "amekufa kwa presha" huenda anazungumzia lolote kati ya haya. Mtathmini wa madai hawezi kufanya kazi na neno pana kiasi hicho.

Sheria huigawa njia ya kuingia kwenye fidia katika sehemu mbili, ajali na ugonjwa unaotokana na kazi. Ajali ni tukio lenye siku na saa. Ugonjwa hujijenga polepole kutokana na kile anachokutana nacho mfanyakazi katika kazi yake. Kwa njia zote mbili lazima madhara yawe yametokana na kazi, na hapa ndipo lilipo kosa la yule msemaji wa kwanza wa msibani. Mtu anaweza kupata mshtuko wa moyo akiwa ameketi ofisini anasoma gazeti, na mahali pale pakawa mahali tu. Mwingine anaweza kuzimikia nyumbani usiku, saa chache baada ya kutoka kwenye zamu ambayo alivuta gesi ya sumu, na kifo chake kikawa cha kazini kwa maana kamili ya sheria. Tukio kutokea kazini husaidia ushahidi, lakini peke yake halimalizi hoja.

Yapo madhara ya moyo ambayo uhusiano wake na kazi unaonekana bila shida. Fundi anayepigwa na umeme anaweza kuwa na alama ndogo tu ya kuungua kidoleni huku mapigo ya moyo wake yakiwa yamevurugika kabisa. Anayefanya kazi karibu na tanuri la chokaa, au anayeendesha jenereta ndani ya chumba kilichofungwa, anaweza kuvuta kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishikiza kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Moyo hulazimika kupiga kwa kasi huku wenyewe ukikosa hewa, na mwenye mishipa iliyopungua upana huumia mapema kuliko wenzake. Katika orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani iliyorekebishwa mwaka 2010, madhara ya gesi hii yametajwa waziwazi.

Presha haimo kwa jina lake katika orodha hiyo, na hilo huwafanya watu wengi waamini kwamba mlango umefungwa. Ukweli ni kwamba orodha yenyewe imeacha nafasi kwa magonjwa ambayo hayakutajwa, iwapo uhusiano wa moja kwa moja kati ya kazi na ugonjwa utathibitishwa kisayansi. Kazi ya kuthibitisha ndiyo inayokuwa nzito. Presha na ugonjwa wa mishipa ya moyo vina wazazi wengi: umri, ukoo, sigara, chumvi, uzito, kisukari. Kazi nayo inaweza kuwa mmoja wao. Utafiti wa pamoja wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40, ana hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17. Makadirio yao yalikuwa kwamba mwaka 2016 watu wapatao 745,000 duniani walikufa kwa sababu hiyo. Sheria yetu ya ajira huweka saa 45 kwa wiki kuwa ukomo wa kawaida, na saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne. Mlinzi anayekesha lindo la saa kumi na mbili siku saba za wiki amefikisha saa 84, hata kama hakuna anayezihesabu.

Joto ni jambo ambalo sisi wa pwani tumelizoea hadi tumeacha kuliona. Katika miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, hewa ya Tanga huwa na joto na unyevu kwa pamoja, na jasho halikauki upesi. Mtu anayebeba mizigo au kukata mkonge juani hupoteza maji mengi, damu yake hupungua ujazo, na moyo hulazimika kupiga haraka zaidi ili kupeleka damu kwenye misuli inayofanya kazi na wakati huo huo kwenye ngozi inayohitaji kupozwa. Anayelipwa kwa kipande, yaani kadiri anavyokata, ana sababu ya kutopumzika hata mwili unapomwonya. Wakata mkonge huanza kabla ya jua kuchomoza kwa kulijua hilo. Wanaopangiwa saa na mnyapara hawana uhuru huo.

Vumbi nalo lina njia yake ya kufika moyoni. Anayevuta vumbi la nyuzi katika chumba cha kupiga brashi mkonge kwa miaka mingi anaweza kuharibika mapafu. Mapafu yaliyokakamaa huwa magumu kupitisha damu, na upande wa kulia wa moyo, ambao ndio unaoisukuma damu kwenda mapafuni, hutanuka na hatimaye kushindwa. Mgonjwa wa namna hii hufika hospitali ya Bombo miguu ikiwa imevimba, huandikiwa kwamba moyo umeshindwa, na miaka yake ya kwenye brashi haiingii kwenye faili. Mimi naona hapa ndipo haki nyingi zinapotea, kwa sababu ugonjwa wa mapafu ungetambuliwa mapema, mnyororo mzima ungeweza kufuatwa hadi kiwandani.

Sasa turudi kwa yule msemaji wa pili, anayeamini kwamba presha ya zamani inafuta kila kitu. Jahazi lenye ubao uliolika chini ya maji linaweza kusafiri kati ya Tanga na Pemba kwa miezi mingi bila kuzama. Siku linapopakiwa shehena kupita kiasi na kukutana na bahari chafu, ubao ule hupasuka. Anayesema ubao ulikuwa mbovu tangu zamani anasema kweli, na anayesema shehena ndiyo iliyolizamisha anasema kweli vilevile. Moyo wenye maradhi ni hivyo hivyo: udhaifu uliokuwapo na mzigo wa kazi vinaweza kuwa sababu kwa pamoja.

Swali hili lilifika mbele ya majaji zamani sana. Mwaka 1910, mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kesi ya mfanyakazi aliyekuwa akikaza nati kwa spana, kazi ya kawaida kabisa, mshipa wake mkuu wa damu ukapasuka. Ilithibitika kwamba mshipa huo ulikuwa umetanuka na kudhoofika kiasi kwamba angeweza kufa hata usingizini. Hata hivyo, majaji wengi walikubali kwamba hiyo ilikuwa ajali iliyotokana na kazi, wakipima kama aliuawa na ugonjwa peke yake au na ugonjwa na kazi kwa pamoja. Uamuzi huo haumfungi mtathmini wa Tanzania leo. Nimeutaja kwa sababu sheria ya fidia ya wakati wa ukoloni, ya mwaka 1949, ilichotwa katika kisima hicho hicho cha Kiingereza, na namna ile ya kufikiri bado inasaidia kuandika hoja yenye nguvu.

Nchi nyingine zimeamua kuweka vipimo. Japani, ambako vifo vinavyotokana na kazi kupita kiasi vimejadiliwa kwa miongo mingi, wakaguzi huangalia saa za ziada: zikifika takriban 100 katika mwezi mmoja kabla ya tukio, au wastani wa zaidi ya 80 kwa mwezi katika kipindi cha miezi miwili hadi sita, uhusiano wa kazi na ugonjwa huhesabiwa kuwa na nguvu. Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 2003 inayohusu zimamoto, polisi na waokoaji hudhania kwamba mshtuko wa moyo au kiharusi kilichomuua mmoja wao kimetokana na kazi, iwapo kilianza akiwa kwenye shughuli nzito au yenye taharuki isiyo ya kawaida, au ndani ya saa 24 baadaye. Kote huko muda ndio unaobeba uzito. Kadiri tukio la kazi na dalili ya moyo vinavyokaribiana, ndivyo hoja inavyokuwa rahisi kuelezeka. Na kazi inapokuwa imemlemea mtu kwa miezi, lazima miezi hiyo iwe imeandikwa mahali fulani.

Ushahidi, kwa hiyo, huanza siku nyingi kabla ya mtu kuanguka. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri apimishe afya za wafanyakazi wanapoajiriwa, wakiwa kazini na wanapoondoka. Wapo wafanyakazi wanaokwepa kipimo cha kwanza wakihofia kwamba presha ikionekana watanyimwa kazi. Hofu hiyo naielewa, lakini kipimo hicho ndicho kinachoweza kuonyesha baadaye kwamba mtu aliingia kazini moyo wake ukiwa mzima, au kwamba mwajiri alijua hali yake na bado akampangia kazi ya juani bila mapumziko. Daftari la zamu, karatasi za malipo zinazoonyesha saa za ziada, na ujumbe wa simu wa msimamizi unaomwita mtu kazini siku yake ya mapumziko, vyote vinaweza kuwa ushahidi.

Kisha kuna dakika chache za mapokezi ya hospitali. Mgonjwa amefikishwa na wenzake kwa bajaji, hawezi kusema, na muuguzi anauliza anafanya kazi gani. Mwenzake anajibu, "Kibarua." Neno hilo moja linaandikwa, na faili linaendelea na presha na dawa. Lau angesema kwamba tangu saa moja asubuhi walikuwa wakipakua mifuko ya saruji kwenye lori, kwamba saa saba mchana mwenzao alishika kifua na kulalamika maumivu yanayoshuka mkono wa kushoto, na kwamba msimamizi alimwambia amalizie lori kwanza, daktari angeandika historia ambayo hakuna anayeweza kuibuni miezi sita baadaye. Wenzake wamwombe daktari aandike pia saa dalili zilipoanza, na familia itunze nakala za kipimo cha umeme wa moyo na cha damu kinachoonyesha kama msuli wa moyo umeumia. Mgonjwa akipewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, historia ile iandikwe hata kwenye karatasi ya rufaa.

Jambo linalofuata ni gumu kulisema, na nalisema kwa heshima. Kwetu pwani maiti haikawizwi. Aliyefariki asubuhi aghalabu huzikwa kabla ya jua kutua. Mtu aliyeanguka ghafla bila kuugua pia huzua maneno ya kutupiwa kitu, na familia yenye majonzi huweza kuyashika maneno hayo ikaacha kumuuliza daktari chochote. Baada ya mazishi, dai la fidia linabaki bila sababu ya kifo iliyoandikwa na mtaalamu, na mwili ambao ungeeleza haupo tena. Si lazima mazishi yaahirishwe kwa siku nyingi. Familia inaweza kumwomba daktari auone mwili na kuandika sababu ya kifo kabla ya kuuchukua, na pale kifo kilipotokea kazini bila maelezo, kukubali uchunguzi ufanyike siku hiyo hiyo. Mzee wa familia anayelisimamia hilo anawatetea yatima, na viongozi wetu wa dini wangefanya jambo jema kulieleza misikitini na makanisani.

Dai lenyewe huanza kwa taarifa. Mfanyakazi au ndugu zake humjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo, ikiwezekana kwa maandishi yenye tarehe, na mwajiri anatakiwa kuufahamisha Mfuko ndani ya siku saba tangu ajue ajali. Mwajiri akikaa kimya, mfanyakazi au familia wapeleke taarifa wenyewe. Ukomo wa kuwasilisha dai ni miezi kumi na miwili, na kwa familia iliyokaa eda, ikagawa mirathi na kuhama mji, miezi hiyo hupita upesi. Si lazima kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Mfuko hulipa bila kutafuta mwenye hatia, na kwa sababu hiyo anayedai hana haja ya kumshitaki bosi wake wala kuomba radhi kwa kudai.

Dai likikubaliwa, kinacholipwa hutegemea hali ya mgonjwa. Matibabu huwa ya kwanza. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Aliyebaki na ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa mkupuo, na aliyezidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Upo utengemao, yaani huduma za kumrudisha mtu kwenye uwezo wa kujitegemea, upo msaada wa mazishi, na ipo pensheni ya wategemezi. Mvuvi anayemiliki mtumbwi wake, au dereva wa bodaboda asiye na mwajiri, hayumo katika utaratibu huu. Anayeajiriwa Unguja au Pemba yuko chini ya sheria za Zanzibar, na ndugu zake waliobaki Tanga waulize huko.

Dai likikataliwa, familia iombe sababu kwa maandishi, kwa kuwa kukataliwa kwa kukosa ushahidi wa kitabibu si sawa na kukataliwa kwa kuonekana kwamba ugonjwa hauhusiani na kazi. La kwanza laweza kujibiwa kwa maelezo ya daktari bingwa yanayoitaja kazi, saa na mazingira yake. La pili huhitaji hoja pana zaidi, pengine kwa msaada wa chama cha wafanyakazi au wakili. Watu wengi huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko hupoteza miezi, kwa sababu Tume hushughulikia migogoro ya ajira kama kuachishwa kazi. Uamuzi wa fidia hupingwa kwa kuomba kwanza upitiwe upya kwa utaratibu uliowekwa na Sheria ya Fidia yenyewe, na asiyeridhika hupeleka rufaa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, akiwa na barua ile ya kukataliwa, historia ya hospitali na daftari la zamu.